Sura ya Saba: Mnara Bubu

Inspekta Shadhili alipanda vidato vichache vya ngazi ya mnara, akasimama, akapitisha kidole kwenye chuma kilichokuwa mbele ya uso wake. Kidole kilirudi cha kahawia. Akainua macho. Vidato vyote, mpaka kule juu kwenye antena, vilikuwa vimevaa vumbi laini la tufani ya mchanga, vumbi lililotandazika sawasawa, halijaguswa hata na ndege.

"Girgis," aliita bila kugeuka. "Tufani ilipita lini?"

"Jumatano jioni, afande."

"Na fundi alikufa lini?"

"Alhamisi." Sajenti Girgis alisogea, akatazama naye. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa mzaha, na mzaha wake haukujali ni nani amekufa. "Basi alipanda kwa mbawa."

"Hakupanda kabisa."

Shadhili alishuka, akajipangusa mikono. Kituo cha polisi cha wilaya kilikuwa kimeandika kwamba Muntasir, fundi wa kampuni ya simu, aliteleza kutoka juu ya mnara wa korongo la Abu Diyab, akafa papo hapo. Ajali kazini, mambo yamekwisha. Kuandika ajali ni rahisi, hakuhitaji kupanda gari wala kula vumbi. Lakini daktari wa hospitali ya mji wa Sohag alikuwa amesema neno moja lililomkaa Shadhili kooni kama mwiba wa samaki: mtu akianguka kutoka juu kiasi kile havunjiki mahali pamoja tu. Muntasir alivunjika kisogo, basi. Mbavu nzima, miguu mizima. Glavu zake zilikuwa bado katika mfuko wa nyuma wa suruali, na mkanda wake wa kupandia ulikuwa ndani ya gari lake, umekunjwa vizuri, haujafunguliwa.

Alipigwa akiwa amesimama chini, na aliyempiga alikuwa nyuma yake au alipewa mgongo. Kisha akalazwa hapo chini ya mnara ili mnara ubebe lawama.

Pembeni ya gari la kampuni alisimama mwanamke wa makamo, viatu vimejaa mchanga, akitazama utepe wa polisi uliozungushwa mnara kama mtu anayetazama jirani akimwegeshea gari mlangoni. Ndiye Mhandisi Nirmin, mkubwa wa marehemu. Alikuwa amekuja toka mjini kuuliza jambo moja, na aliliuliza tena.

"Inspekta, lini mtaniruhusu niuwashe?"

"Nikimaliza."

"Tangu Alhamisi barabara hii ni kiziwi. Mabasi ya wafanyakazi wa mahoteli yanapita hapa, malori yanapita, watu na watoto wao wanakwenda baharini. Ukiharibikiwa kati ya hapa na ule mlima, piga kelele mpaka koo likauke."

Girgis alisema kwamba hata mjini hali si nzuri. Pale stendi ya mabasi saa za mchana mtu huona alama za mtandao zimejaa na bado simu haitoki. Akapendekeza wauzungushe mnara huu uwatazame watu wa mjini.

Mhandisi Nirmin hakucheka. "Mjini ni wingi wa watu, tumeshaweka antena ndogondogo juu ya mapaa na tutaongeza. Huu hauwezi kuufikia mji hata ungezungushwa kama feni. Mlima wote ule umesimama katikati. Huu ni wa wasafiri na kijiji cha hapo chini peke yao."

Shadhili alimwuliza mnara unakula nini, maana hakuona waya wa umeme popote. Alijibiwa kwamba unakula dizeli. Kuna jenereta na tangi, na mlinzi mwenye ufunguo wa tangi. Mlinzi huyo anaitwa Badri, ametoka katika ukoo wa Haji Dahi, kijiji cha hapo chini, kwa sababu ardhi ni yao.

"Ndivyo tunavyofanya huku kote," alieleza. "Ukikodi ardhi ya watu, mlinzi anatoka kwao. Ukileta mgeni, kesho hukuti hata msumari."

"Na huzimika?"

"Kila majira ya baridi. Mlinzi anasema jenereta bovu. Muntasir anakuja, anakuta jenereta zima na tangi kavu. Hakutaka kumharibia mtu riziki, ndivyo alivyokuwa, akawa anapigania sola. Ametupigia kelele ofisini mpaka tukamwonea haya. Alisikia kwa dereva mmoja wa lori kwamba kuna gari lilipinduka hapa, mwaka juzi, na kijana akafa akitafuta mtandao. Hata jina la huyo kijana hakulijua. Lakini kila kikao, ni yeye na huyo kijana wake." Aligeuka, akatazama masanduku ya paneli za sola yaliyolala kwenye mchanga bila kufunguliwa. "Alhamisi ndiyo alikuja kuzifunga."

Shadhili alimgeukia Girgis, na Girgis tayari alikuwa amekwenda nyuma ya kibanda cha mlinzi. Alirudi akiita. Chini ya mikeka ya matete, ndani ya shimo lililochimbwa kwa subira, kulikuwa na madumu yamepangwa bega kwa bega, na mpira mrefu wa kunyonyea ambao bado ulinuka dizeli.

"Mwizi ana nidhamu," alisema Girgis. "Amepanga kama duka la dawa."

Basi kesi ilionekana imejileta yenyewe. Sola ikifungwa, dizeli imekwisha, na biashara ya Badri imekufa. Badri ndiye aliyeiona maiti kwanza, ndiye aliyetoa maelezo ya mtu aliyeteleza, na tangu Ijumaa hajaonekana kazini. Shadhili aliona mbele yake barabara iliyonyooka, na barabara iliyonyooka mno humtia mpelelezi usingizi.

Kabla hawajaondoka, gari jeupe lilisimama na mtu akashuka. Kanzu yake ilikuwa safi, kilemba kimefungwa kwa uangalifu, na nyuma yake wanaume wawili walibaki ndani ya gari bila kusema salamu. Alikuwa Rashwan, kaka mkubwa wa marehemu, kutoka mkoa wa Qena. Alimpa Shadhili mkono, akamwuliza hali, akamwuliza watoto, kama desturi inavyotaka hata siku ya msiba. Kisha akasema alichokujia.

"Tumemzika, afande. Matanga hatujafungua."

Shadhili mwenyewe ni mtoto wa Saidi, kusini mwa Misri, na maneno yale aliyafahamu kabla hayajamalizika. Kwao mtu aliyeuawa huzikwa siku ile ile kama dini inavyoamuru, lakini matanga yake husubiri. Hakuna hema, hakuna msomaji wa Kurani, hakuna kahawa, na hakuna anayepewa mkono wa pole mpaka damu ilipwe. Nyumba hukaa hivyo mwaka, hukaa hivyo miaka kumi.

"Nitakuuliza kama mtu ninayemheshimu," aliendelea Rashwan. "Ndugu yangu alianguka? Niambie kwa kinywa chako kwamba alianguka, na leo jioni nasimamisha hema, nalia kama watu wengine wanavyolia. Ana watoto wawili. Sitaki kuwarithisha bunduki."

Shadhili angeweza kusema ndiyo. Vumbi la ngazini lilikuwa limeonwa na watu wawili tu, na Girgis asingefungua mdomo. Alilitazama lile neno, akalimeza.

"Nipe mpaka kesho."

"Basi hakuanguka," alisema Rashwan, akarudi garini.

Njiani kushuka kijijini Girgis hakutia mzaha wowote, na kwa Girgis hiyo ni sawa na kulia. Shadhili naye alikuwa akipiga hesabu ya watu. Akimshika Badri leo, akapata kukiri kwake, akampeleka mbele ya mwendesha mashtaka, Rashwan atapewa jina pamoja na kufuli lake. Mtu aliye ndani ya jela ya serikali ni vigumu kumfikia. Akichelewa, Qena itajitafutia jina yenyewe, na jina la kutafutwa na wenye hasira huwa la yeyote aliye karibu. Alikuwa amewahi kuona mwanafunzi wa chuo akiuawa kwa kosa la babu yake.

Kijiji walikikuta kimejaa magari. Mbele ya nyumba ya Haji Dahi kulisimama hema kubwa la rangi nyekundu na buluu, viti vimepangwa safu, na sauti ya msomaji ikitoka kwenye vipaza sauti ikienda mpaka mashamba ya miwa.

"Wamemfanyia matanga fundi?" aliuliza Girgis. "Wana utu, kumbe."

Alishusha kioo na kumwuliza mzee mmoja aliyekuwa akielekea hemani, ni msiba wa nani. Mzee alijibu kwamba ni wa Yunus, mtoto wa Haji Dahi.

"Mungu amrehemu. Amefariki lini?"

"Yule wa mlimani," alisema mzee, akiharakisha miguu. "Wa mwaka juzi."

Girgis alipandisha kioo polepole. Shadhili aliitoa kofia yake, akaifuta vumbi, akaivaa tena. Ile barabara yake iliyonyooka ilikuwa imekatika mbele ya macho yake. Kijana aliyekufa kwenye ajali ya gari hana mtu wa kumlipia damu, na kwa hiyo matanga yake hayana sababu ya kungoja. Haji Dahi alikuwa ameyangojesha tangu mwaka juzi, watu wakidhani mzee kapungukiwa akili kwa majonzi. Na sasa, siku mbili tu baada ya fundi wa simu kupasuliwa kisogo chini ya mnara wa ukoo wake, mzee ameona moyo wake umetua, anapokea pole.

"Afande," alisema Girgis, "hili hema ni maelezo ya kukiri makosa."

"Hema halisimami kizimbani. Twende tukatoe pole."

Waliingia kwa taratibu zake. Haji Dahi alikuwa amesimama mlangoni mwa hema pamoja na wazee wa ukoo, mrefu, mkavu, fimbo mkononi. Shadhili alimpa mkono, akamwombea marehemu rehema, akamwambia umri uliobaki wa kijana Mungu amwongezee yeye.

"Mungu ailipe miguu yenu iliyowaleta," alijibu Haji, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda chochote.

Pembeni yake alisimama mwanawe aliyebaki, Hamdan, kijana wa miaka kama thelathini, mabega mapana, ndevu za siku kadhaa. Yeye alitoa mkono bila kuinua uso. Walipokaa, mtu mwenye sinia alikuja kuwapa kahawa chungu, ile isiyotiwa sukari ya msibani. Girgis alimtambua kwa picha iliyokuwa kwenye faili. Alikuwa Badri, mlinzi wa mnara, mtoto wa ndugu yake Haji, asiyeonekana kazini tangu Ijumaa, naye yuko hapa akihudumia wageni mchana kweupe.

Girgis alianza kuinuka. Shadhili alimgusa goti, akachukua kikombe, akanywa. Kumkamata mtu na sinia ya matanga mkononi ni kulitukana hema zima, na isitoshe, alikuwa amekwisha acha kumfikiria Badri kama muuaji. Alikuwa akimfikiria kama kitu kingine, na hicho kitu hakukipenda.

Msomaji alipotua ili anywe maji, Shadhili alimwendea Haji na kumwomba dakika chache faragha, yeye na Hamdan. Haji aliwaongoza pamoja na Girgis hadi chumba cha wageni cha ndani, akafunga mlango mwenyewe. Ukutani kulikuwa na picha ya Yunus ana tabasamu la kupigwa studio, na chini yake, juu ya rafu, simu ya mkononi imefunikwa kitambaa cheupe.

"Haji," alianza Shadhili, "Yunus alikufa kwa gari."

"Gari lilimvunja miguu tu." Haji alikaa, fimbo akaiweka magotini. "Alikufa kwa baridi na kwa kutoka damu, na kwa kukosa wa kumwitikia. Dereva wa lori alimkuta alfajiri, simu mkononi. Tulipoitia umeme tukaona alivyokuwa ananipigia. Mimi nililala, afande. Simu iko kando ya mto wangu, nimelala, na mwanangu ananiita mpaka betri ikazima. Na ule mnara ulikuwa juu ya kichwa chake."

"Na leo umepokea pole."

"Leo nimechoka."

Shadhili alijua kwamba akiuliza nani ameua, hatajibiwa mpaka kiama. Mwanamume wa Saidi anaweza kung'olewa kucha asitaje jina la ndugu yake. Basi hakuuliza hilo.

"Sitakuuliza nani amefanya nini. Nitakusimulia habari za huyu fundi, kisha uniambie kama ninasema uongo." Alisema akimtazama Haji, lakini sauti aliielekeza mlangoni, alikokuwa amesimama Hamdan. Alieleza kwamba Muntasir alikuwa akija kila mnara ulipozimika. Kwamba alisikia habari za kijana mmoja aliyekufa korongoni, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kero ofisini, akiwaandama wakubwa zake walete mitambo ya jua ili mnara usizimike tena. Kwamba Alhamisi alikuja na mitambo hiyo, na bado imo masandukuni. "Alikuja kumfanyia Yunus wenu kazi. Ndiye mtu pekee wa mjini aliyemkumbuka."

"Uongo," alisema Hamdan.

Haji aliinua kidole kumnyamazisha, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

"Uongo huo. Ndiye aliyezigeuza zile antena. Alizielekeza mjini kwa sababu mjini ndiko kwenye wateja wengi, sisi wapita njia tufe. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

Hamdan aliinua macho kwenye picha ya Yunus.

"Kati ya mnara ule na mji kuna mlima, kijana," alisema Shadhili, na hakuyapandisha maneno. "Wewe umezaliwa chini yake. Antena haitoboi jiwe. Hakuna aliyegeuza chochote. Mnara ulizimika usiku ule kwa sababu jenereta lilikuwa halina mafuta. Leo asubuhi nimeyaona mafuta yenyewe, ndani ya shimo, nyuma ya kibanda, yamepangwa kwenye madumu yakingoja mnunuzi. Ufunguo wa tangi uko kwa mtu mmoja. Sasa niambieni, ni nani aliyewaambia habari ya antena kugeuzwa?"

Nje, karibu kabisa na dirisha, sauti ya Badri ilisikika ikimkaribisha mgeni kahawa. Haji Dahi aligeuza shingo kuelekea sauti ile, taratibu sana, na Shadhili aliona uso wa mzee ukibadilika kama udongo unavyobadilika ukinyweshwa maji. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hawakusema inauma kiasi gani ukijua ni nguo uliyoifuma mwenyewe. Kazi ya ulinzi Badri aliipata kwa neno la Haji.

"Mwite," Haji alimwambia mwanawe.

Badri aliingia na sinia bado mkononi. Aliwaona watu, akaiona simu ya Yunus rafuni, akajaribu kutabasamu.

"Mwanangu," Haji alimwita kwa upole, na upole huo ulitisha zaidi ya ukali. "Usiku aliokufa ndugu yako, lile tangi lilikuwa na mafuta?"

"Ami, jenereta lilikuwa na hitilafu, nilitoa ripoti..."

"Nimekuuliza mafuta."

"Ilikuwa baridi, ami. Usiku wa baridi hakuna anayepita njia ile. Nilisema nitalijaza asubuhi. Ningejuaje kwamba..." Girgis aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango aliipokea sinia, akaiweka chini.

"Ukaniambia ni fundi."

"Uliniuliza siku ya mazishi, ami. Ulinishika kola mbele ya watu, ukaniuliza nani kazima mnara. Niliogopa. Nilisema jina la kwanza lililonijia." Machozi yalimtoka. "Nilidhani utasahau."

"Na Alhamisi? Nani alimwambia Hamdan kwamba fundi amerudi?"

Badri aliangalia sakafu. Hilo nalo lilikuwa jibu.

Hamdan alikuwa ameegemea ukuta. Alipozungumza, alizungumza na picha ya ndugu yake, hakuzungumza na mtu mwingine.

"Nilimwita kwa jina lake, nisije nikakosea mtu. Akageuka, akanisalimia, akaniuliza kama nimekuja kumsaidia kushusha masanduku. Nikamwambia, hii ni ya Yunus. Akaniuliza, Yunus yupi? Nikaona ananidharau. Nikaona ameua mtu hata jina hajui. Akanipa mgongo akachukue funguo za gari, nikampiga. Angejua jina, wallahi, angejua jina tu ningesita."

Shadhili aliona moyo wake mzito, wala hakuwa na haya kwa hilo; alikuwa amekipata alichokijia, na hakukitaka. Kukiri kumetoka mbele ya mashahidi. Muuaji anajulikana, silaha itapatikana, faili litafungwa kwa uzi mzuri. Na hapo hapo akaelewa kwamba amemfungulia Haji mlango mwingine, ambao haukuwapo alipoingia.

Hamdan alinyoosha mikono yake, viganja juu. Girgis alimtia pingu. Haji alimwangalia mwanawe akifungwa bila kusogea.

"Nenda na afande. Waambie vilevile ulivyosema hapa. Usipunguze."

"Na huyu, baba?" aliuliza Hamdan, akimwonyesha Badri kwa kidevu.

Haji hakujibu. Badri naye aliuliza, kwa sauti ya mtoto, "Na mimi, ami?" na hakupata jibu hata yeye. Mzee alisimama, akakiweka sawa kilemba chake, akafungua mlango, akarudi hemani.

Shadhili alimfuata hadi kizingitini. Wageni wapya walikuwa wamefika toka vijiji vya ng'ambo ya mto, wameshuka katika gari, wamejipanga. Wa kwanza wao, mtu mzima mwenye heshima zake, alimwendea Haji akiwa amekwisha nyoosha mkono, na maneno ya pole yako mdomoni. Haji Dahi aliuchukua mkono wake mwenyewe, akauingiza ndani ya mkono mpana wa kanzu.

"Tuwie radhi, Haji Abdelaal," alisema, na kila aliyekuwa karibu alisikia. "Rudini makwenu. Kwetu hakuna matanga leo."

Mkono wa mgeni ulibaki hewani, kisha ukashuka. Hakuna pale aliyehitaji kuelezwa maana yake. Habari ilitembea safu kwa safu kwa kimya chake, viti vikaanza kusogezwa, wazee wakainuka wakikusanya fimbo zao. Msomaji, aliyekuwa amevuta pumzi ili aanze sura nyingine, alifunga msahafu, akaubusu, akashuka kwenye kiti chake. Asubuhi ilikuwa nyumba moja isiyopokea pole, kule Qena. Sasa zilikuwa mbili, na deni la hii ya pili lilikuwa linadaiwa ndani ya nyumba yenyewe.

Shadhili alitoa simu ili aite gari la pili. Kioo kilimwandikia kwamba hakuna mtandao, na akakumbuka utepe aliouzungushia mnara kwa mikono yake. Alitukana, jambo ambalo si kawaida yake, akamwambia Girgis amlete Hamdan kwa mlango wa nyuma, upesi, kabla vijana wa ukoo hawajaamua wako upande gani.

Walipofika kwenye gari la polisi walikuta mlango wa nyuma uko wazi. Badri alikuwa amekwisha ingia. Amejikunja kwenye kona ya mbali, magoti kifuani, viatu kaviacha nje mavumbini kama anayeingia msikitini.

"Shuka," alisema Girgis. "Wewe ni wizi wa dizeli. Utaitwa kwa hati."

"Usinishushe, sajenti." Alikuwa akimtazama Shadhili. "Afande, nifunge. Niandikie kosa lolote unalotaka, lakini liwe kubwa. Niandike kwamba ni mimi niliyemuua yule fundi, nitatia sahihi. Dizeli ni miezi, afande. Miezi itakwisha nitoke, na ami yangu ataniuliza habari, atanikaribisha chakula."

Shadhili alitazama nyuma. Hema lilikuwa limebaki tupu, na katikati ya viti Haji Dahi amekaa peke yake, fimbo magotini, uso ameuelekeza garini. Hakuwa na hasira. Alikuwa na subira, ile subira iliyomkalisha tangu mwaka juzi.

Gari lilikuwa moja na barabara ya mjini ni ndefu. Girgis alimfikisha Hamdan mlangoni. Hamdan aliinama, pingu mikononi, akamwona binamu yake mle kwenye kona, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilainika.

"Sogea kidogo, binamu," alisema. "Nikae nawe."

Badri hakuwa na mahali pa kusogea. Shadhili alimshika Hamdan bega, akamsimamisha, akaingia yeye kwanza, akakaa katikati yao.